Ndege Inayoonekana Imesimama



Mnamo tarehe 6 Februari 2010, mama mmoja na mwanawe walipanda glaida katika mji wa Boulder, jimbo la Colorado, nchini Marekani. Glaida ni ndege isiyokuwa na injini. Ina mbawa ndefu nyembamba, nayo huelea juu ya hewa inayopanda kama afanyavyo mwewe. Kwa kuwa haiwezi kujiinua yenyewe, huvutwa kwa kamba na ndege ndogo yenye injini mpaka ifike juu, kisha rubani wake akaifungua kamba hiyo.

Siku ile, kabla ya wakati wa kufungua kufika, ndege ndogo nyingine yenye watu wawili iligongana na ile iliyokuwa ikivuta. Moto ukalipuka mbele ya macho ya mama yule. Rubani wa glaida akaifungua kamba papo hapo, chombo kikapita katikati ya moto, naye akakitua salama. Mama, mtoto na rubani wakashuka wazima. Watu watatu waliokuwamo katika zile ndege mbili zenye injini walifariki dunia.

Huenda msomaji akauliza: anga yote ile, pana kuliko bahari, vipi vyombo viwili vikutane mahali pamoja, tena mchana, wakati marubani wanaweza kuona?

Jibu limo katika jicho lenyewe. Jicho la mwanadamu huzindukana upesi kwa kitu kinachotembea. Ndege inayokatiza mbele yako huonekana ikihama juu ya kioo, na kwa kawaida hiyo itapita. Ile inayokuja kukutana nawe huonekana imesimama mahali pamoja, mfano wa doa la vumbi. Haiendi kulia wala kushoto. Hubaki ndogo kwa muda mrefu, kisha katika sekunde za mwisho hukua ghafla ikakijaza kioo. Mamlaka ya anga ya Marekani huwafundisha marubani kwamba tangu jicho kuona mpaka ndege kugeuka hupita takriban sekunde 12.5. Glaida nayo ni nyeupe na nyembamba. Ikija uso kwa uso, mbawa zake huonekana kama uzi tu.

Manahodha nao wanaijua kanuni hii: chombo kisichohama mahali unapokitazama, huku kikizidi kuwa kikubwa, ndicho cha kuogopwa.

Sheria za kimataifa za anga zimempa haki asiye na nguvu. Ndege yenye injini huamriwa iipishe glaida, na iipishe pia ndege inayovuta nyingine. Ni sheria ya uadilifu. Lakini haki hiyo haimfikii mwenyewe ikiwa anayepaswa kuitoa hamwoni.

Tazameni lililotokea tarehe 28 Agosti 2006 katika jimbo la Nevada. Ndege ya jeti yenye watu watano iligongana na glaida kwenye kimo cha takriban futi 16,000. Kwa rehema za Mola, jeti ilitua, na rubani wa glaida akajiokoa kwa mwavuli; hakuna aliyekufa. Ndani ya glaida ile mlikuwamo kifaa cha kutoa ishara, ambacho kingeitambulisha kwa wengine. Rubani alikuwa amekizima ili asimalize betri.

Mwaka 2004 huko Uswisi, baada ya ajali nyingi za namna hii, kilianza kutumika kifaa kidogo kiitwacho FLARM. Kila chombo hutangaza kwa redio mahali kilipo na kinakoelekea, na hatari ikikaribia, rubani huonywa. Lakini kifaa hicho hakisaidii ila pande zote mbili ziwe zinatangaza na kusikilizana.

Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Kutazama, kuwasha kifaa na kusikiliza ndiko kumfunga ngamia kwa rubani.

Nasi majumbani tuna safari zetu. Binti aliyekuwa mchangamfu akanyamaza, nasi tukasema ametulia. Deni dogo lisilotajwa. Hayo huonekana yamesimama, nasi tukayaona madogo, mpaka siku yanapokijaza kioo. Na wangapi miongoni mwetu, mume au mke, wamezima ishara zao kwa kudhani wanaokoa amani ya nyumba? Semeni mlipo mapema, kwa upole, kabla sekunde hazijaisha.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wa angani, baharini na nchi kavu, na atufumbulie macho yetu kwa walio karibu nasi. Amin.

Wabillahi tawfiq.