Posta mu nyumba, laini ya dakika kidogo



Kila mara delege anapeleka barua ku biro ya kampuni juu ya mishahara ya nyuma ao juu ya aksida ya mu kariere, jibu linakuwa moja: "Ile barua hatukuiona." Njo maana wengi wanasema tuandike kwa intaneti. Lakini mu siber unalipa kwa saa. Mashine inaenda pole pole, kuran inakatika, makuta inaisha na barua haijaondoka. Na kutumia ordinatere ya kazi ni kumuonyesha patron kila kitu.

Kuko njia ingine: weka posta mu nyumba ya sindika, ao mu nyumba ya delege. Haiombi laini ya kila saa.

Tafuta ordinatere ya zamani. Kwa barua tupu, haiombi mashine ya nguvu sana. Weka ndani Linux, ile Linus Torvalds alianza kutengeneza mu 1991, pamoja na Postfix ya Wietse Venema, yenye iko wazi kwa watu wote tangu 1998. Zote mbili ni za bure. Ongeza modemu ao telefone ya mukono yenye kukubali kazi ya modemu.

Sasa, madelege wanaandika muchana bila kufungua laini. Postfix inapokea barua na kuzipanga mu mulongo. Unaiambia ingoje kwa kuandika defer_transports = smtp. Magaribi modemu inapiga simu, agizo sendmail -q linatoa mulongo wote, na programu fetchmail inaleta barua zenye zilikuwa zinangoja kwa mwenye kuuza intaneti. Kisha laini inakatwa.

Tuhesabu. Barua ya ukurasa moja ni karibu kilo-okteti 3, basi barua 20 ni 60. Modemu ya 56k haipitishi zaidi ya 7 kwa segonde. Telefone ya mukono yenye kupitisha biti 9.600 inapeleka 1,2 kwa segonde: barua 20 zinaomba segonde 50. Lakini picha moja ya 500 inaomba karibu dakika 7! Barua zitangulie, picha mupunguze.

Mutu atauliza: sababu gani barua zisikuje moja kwa moja kwetu? Ni kwa sababu kila mara tunapiga simu, mashine yetu inapewa adrese ingine, na laini ikikatwa hakuna mwenye kufungua mulango. Hata kwa kutuma, maseva mingi makubwa yanakataa barua yenye kutoka ku adrese kama ile, kwani watu wa kutupa uchafu wanazitumia. Kwa hiyo barua zetu zipitie ku seva ya mwenye kutuuzia laini. Mu Postfix ni relayhost.

Mambo ine ya kuchunga:

Ya kwanza, Postfix inakubali barua ingoje siku 5, kisha inairudisha kwa mwenye kuiandika. Laini ikikufa juma moja, muongeze ile siku, ao mubebe barua kwa mukono.

Ya pili, seva ipokee barua za mashine za nyumba tu. Ukiacha mulango wazi, wageni watapitisha takataka zao, na fakture itakuwa yako.

Ya tatu, saa. Mashine ya zamani yenye pile ya kufa, kuran ikirudia, inaonyesha tarehe ya uongo. Rekebisheni kila mara, sababu faida yetu kubwa iko mu jurnali ya seva: inaandika siku, saa, na namba 250, maana yake "nimepokea". Lakini tusijidanganye. Ile 250 inatoka kwa mwenye kutuuzia laini. Haisemi kama mukubwa wa kampuni amesoma. Juu ya maneno ya sheria, kopi ya karatasi yenye muhuri wa biro inabaki ya lazima. Jurnali inaisaidia, haichukui nafasi yake.

Ya ine njo nzito kupita zote. Mwenye kushika seva anaweza kusoma barua za wote. Humo muna jina la mugonjwa wa mapafu, jina la ule aliyesema ukweli juu ya aksida. Jina lile likifika kwa patron, ni mukate wa watoto unapotea. Basi mbele ya kununua modemu, mukutano uchague watu wawili wa kushika neno la siri, na uandike mu kitabu cha sindika kama hawana ruhusa ya kufungua barua ya mwingine. Modemu ikiharibika tutapata ingine. Wafanyakazi wakikosa kutuamini, hakuna atakayeandika tena.