Mvua ya Mawe Imetoboa Mabati? Usitume Pesa Zote kwa Fundi

Watu wa Kericho na Nandi wanaijua mvua ya mawe: dakika chache tu, majani ya chai yamechanika na mabati yametoboka. Usiku huo, maji yakidondoka kitandani, ni rahisi kumtumia fundi pesa zote. Tulia kwanza.

Hesabu mabati yaliyoharibika. Tundu dogo huzibwa. Si lazima uezeke nyumba nzima. Ukinunua mapya, kumbuka geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28.

Lipia mabati na misumari mwenyewe, kwa till namba ya hadiwea, na usome jina kabla ya kuthibitisha. Fundi mpe cha kuanzia. Salio atumiwe paa likiacha kuvuja. Ujumbe wa malipo usiufute, ndio risiti yako.