Pua si mizani

Soko la manukato la Dubai liko Deira, na muuza attari wa pale hana haja ya kanuni iliyoandikwa. Anakupaka tone la udi nyuma ya kiganja, anadonoa waridi kwa kijiti cha kioo, unanusa, anaongeza. Mkielewana bei anakupimia kwa tola. Tola ni kipimo cha uzito, gramu 11.66, lakini kichupa chake huandikwa mililita 12, na sisi watu wa pwani tumenunua hivyo miaka yote bila kuuliza. Mafuta ya attari hayaachani sana na maji kwa uzito, kwa hiyo hakuna anayepunjika pakubwa.

Mtu akiuchukua ujuzi huo akaenda nao nyumbani kujichanganyia kimiminika cha sigara ya kielektroniki, utamwangusha mapema.

Kimiminika hicho kina vitu vinne. Kuna gliserini, ileile tunayopaka midomo ikikauka. Ndiyo inayotoa wingu zito. Kuna propilini glikoli, nyepesi zaidi, inayoyeyusha na kubeba ladha. Kisha ladha zenyewe, na mwisho nikotini, ambayo kwa kawaida haiuzwi ikiwa tupu bali imekwisha kuyeyushwa katika mojawapo ya hivyo viwili vya kwanza.

Tuseme mtu anataka mililita 100 zenye nikotini miligramu 3 kwa kila mililita, gliserini asilimia 70, ladha asilimia 10. Ana chupa ya nikotini ya miligramu 20 kwa mililita. Nikotini yote anayohitaji ni 3 mara 100, yaani miligramu 300. Gawanya kwa 20, unapata mililita 15. Ladha ni mililita 10. Kwa haraka mtu angemimina gliserini 70, kisha propilini glikoli 30, na chungu kingefurika: ingekuwa mililita 125. Alichosahau ni kwamba nikotini na ladha nyingi zimeshaingia na propilini glikoli yao. Kilichobaki kuongezwa ni mililita 5 tu. Na kama nikotini ile iliyeyushwa kwenye gliserini, hesabu inageuka: gliserini ya kuongeza ni 55, propilini glikoli 20. Hesabu ni ya shule ya msingi. Kinachowaponza watu ni kutosoma maandishi ya chupa.

Sasa turudi kwenye tola. Mililita moja ya propilini glikoli ina uzito wa gramu 1.04 hivi, karibu sawa na maji. Ya gliserini ni gramu 1.26. Anayetumia mizani akapima gramu 70 akidhani ni mililita 70, amepata 56 tu. Alipaswa kupima gramu 88. Hata hivyo mizani ndiyo bora, maana gliserini ni nzito kama asali na hung'ang'ania ndani ya bomba la sindano, ukadhani umeimimina yote kumbe nusu kijiko kimebaki.

Kosa la gliserini huharibu wingu. La nikotini ni jambo jingine. Mtu mwenye chupa ya miligramu 100 kwa mililita, akafuata kanuni ya chupa ya 20, atatia mililita 15 mahali pa 3, na mchanganyiko utakuwa na nguvu mara tano. Wala si lazima auvute ndipo adhurike. Wavunaji wa tumbaku duniani wanaujua ugonjwa unaotokana na majani mabichi yaliyolowa umande: nikotini hupenya ngozi, wakapata kizunguzungu na kutapika. Mkulima wa Tabora anayevuna alfajiri ana hatari hiyohiyo. Basi glavu si madaha. Na kichupa cha mililita 10 chenye miligramu 100 kwa mililita kina gramu nzima ya nikotini. Kisikae popote mtoto anapofika.

Falme za Kiarabu ziliruhusu biashara ya sigara za kielektroniki mwaka 2019, kwa viwango maalumu, na mwaka huohuo zikatoza ushuru wa asilimia 100 juu ya vifaa na vimiminika vyake. Bei ya namna hiyo humtia mtu hamu ya kujitengenezea. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2015, ilizipiga marufuku kabisa, na msafiri wa Entebbe alijue hilo kabla ya kufunga begi.

Lakini kinachonitia shaka zaidi ni ladha, maana hapo ndipo pua hurudi kudai kazi yake. Ladha za chakula zimepimwa kwa ajili ya tumbo. Pafu halina asidi wala ini la kulitangulia. Mwaka 2000, huko Missouri, Marekani, waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda cha bisi waliripotiwa kuwa na ugonjwa adimu unaotia makovu katika njia nyembamba za hewa, na makovu hayo hayaondoki. Chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye mvuke wa ladha ya siagi, uliobeba kemikali iitwayo daiasetili. Kemikali hiyo imewahi kukutwa pia katika vimiminika vya sigara za kielektroniki, hasa vile vitamu vya maziwa na keki. Inanukia vizuri sana.