Kumtunza Mtu Mzima Asiyeweza Kuzuia Mkojo

Jambo tutakalolieleza leo ni jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona, au hawalisemi kabisa. Mzee aliyezoea kwenda barazani kila jioni huacha kwenda. Mama ambaye hakuwa akikosa harusi wala matanga husema kwamba anaumwa kiuno. Kumbe mkojo humtoka asiweze kuuzuia, naye aona haya. Huu si uchafu wala si utoto, ni maradhi.

Basi la kwanza ni kwenda kwa mganga wa hospitali, kwa maana sababu ni nyingi: kuzaa, kisukari, kiharusi, na kwa wanaume kukua kwa tezi iliyo chini ya kibofu. Mwanamke ambaye mkojo humvuja mchana na usiku tangu alipozaa kwa uchungu wa muda mrefu, huenda ana nasuri, iitwayo pia fistula, nayo mara nyingi huponywa kwa kupasuliwa. Huyo asipewe vitambaa tu akaachwa nyumbani.

Wakati wa kungoja kupona, au ikiwa haponi, yatupasa kumchagulia vitu vya kumsitiri. Tutazame mambo matatu.

Kwanza, kiasi cha mkojo. Akitokwa na matone tu anapokohoa, pedi ndogo ya mkojo yatosha. Pedi ya hedhi haifai sana, kwa kuwa mkojo hutoka kwa haraka kuliko damu. Anayetokwa na mkojo mwingi ahitaji nepi ya watu wazima, ambayo ndani yake mna chembechembe zinazofyonza maji zikawa kama uji mzito.

Pili, nguvu za mgonjwa. Anayeweza kutembea apewe nepi inayovaliwa kama chupi, apate kwenda chooni mwenyewe. Aliyelala kitandani apewe ile inayofungwa ubavuni, ili abadilishwe bila kusimamishwa.

Tatu, kipimo. Pimeni kiuno na nyonga kwa utepe, mkafuate kipimo kilicho kikubwa. Nepi kubwa mno huvuja mapajani, na ndogo mno huchubua ngozi.

Asiyeweza kununua atumie vitambaa vya pamba vilivyoshonwa matabaka kadha, na mpira wa kutandika chini ya shuka. Lakini mpira usiguse ngozi. Vitambaa vifuliwe kwa sabuni, vikaanikwe juani. Nepi iliyotumika isitupwe chooni, kwa maana huziba.

Kila abadilishwapo, mgonjwa aoshwe, akaushwe taratibu bila kusuguliwa, apakwe mafuta kidogo. Mafuta mengi huizuia nepi kufyonza. Akiachwa na unyevu, ngozi huharibika na vidonda huanza.

Wako wanaomnyima mzee maji ili asikojoe. Hilo ni kosa kubwa. Mkojo ukiwa mkali hukisumbua kibofu, na choo kikiwa kigumu hukikandamiza. Hivyo mkojo huzidi kumtoka. Anywe maji kama desturi, ila apunguze kidogo karibu na kulala.

Mwisho, tukumbuke heshima. Abadilishwe faraghani, na mtu ambaye yeye mwenyewe amemridhia, wala neno hilo lisitajwe mbele ya wageni. Aliyetufunga nepi tulipokuwa wachanga hakutuonea kinyaa. Nasi tumtendee vivyo hivyo, apate kurudi barazani kwake.