Maji Yatangulie, Samaki Wafuate

Katika mazungumzo ya leo twataka kueleza habari za tangi la kioo la kufugia samaki, pamoja na mimea ya majini na uduvi. Wengi hudhani kwamba kazi ni kujaza maji asubuhi na kutia samaki jioni. Samaki hao huonekana wazima siku mbili tatu, kisha huelea matumbo juu. Mwenyewe hudhani wamekufa kwa njaa, akawaongezea chakula waliosalia. Na kwa wema huo huwamaliza.

Kinachowaua ni sumu itokayo kwao wenyewe. Samaki hutoa amonia kwa matamvua yake, na mabaki ya chakula yakioza huizidisha. Ziwani sumu hiyo hupotea katika wingi wa maji, bali katika tangi haina pa kwenda. Wapo vijidudu wasioonekana kwa macho ambao huigeuza kwanza kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile, kisha nitrati, ambayo haidhuru sana na mimea huila. Sergei Winogradsky, mtaalamu wa Urusi, aliwapambanua vijidudu hao yapata mwaka 1890. Hushikamana na mchanga, mawe na majani; nao katika tangi jipya ni haba mno. Kuongezeka kwao huchukua majuma manne hata sita.

Tuseme tangi lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Huchukua lita 54, yaani kilo 54 za maji peke yake. Basi meza na iwe imara, tena mbali na jua kali, ambalo hufanya maji kuwa kijani. Mchanga wa mtoni uoshwe hata maji yatoke safi. Wa pwani haufai, kwa ajili ya chumvi na vipande vya makombe. Maji ya bomba yenye klorini yakae siku mbili katika ndoo iliyo wazi, kisha yamiminwe juu ya sahani ili mchanga usitimke.

Mimea ipandwe siku ile ile, tena mingi. Mwaka 1850 Robert Warington, mkemia wa London, alieleza jinsi alivyoweka samaki wa dhahabu pamoja na mmea uitwao Vallisneria. Majani makuukuu yalioza yakachafua maji, mpaka alipotia konokono wakayala. Lakini kwetu Afrika Mashariki jambo hilo lina hatari: baadhi ya konokono wa madimbwini hueneza kichocho, nacho humwingia mtu kwa ngozi asimamapo majini. Mtoto asitumwe dimbwini kwa ajili ya tangi. Mimea iombwe kwa mwenye tangi la zamani, na majani yaliyooza yaondolewe kwa mkono.

Katika siku za kungoja, zitiwe chembe chache za chakula ili vijidudu wapate riziki. Konzi ya mchanga kutoka tangi la zamani lenye samaki wazima hupunguza ngoja hiyo sana. Maji yakiwa meupe kama ya mchele, yaachwe, yatatakata yenyewe.

Ndipo watiwe samaki wawili watatu wadogo. Wakija juu kutweta, robo ya maji ibadilishwe mara moja. Uduvi wawe wa mwisho, ukungu wa kijani ukisha kuota juu ya mawe, maana ndio chakula chao. Shaba huwaua upesi, hivyo ndoo iliyowahi kutiwa mrututu isitumiwe kamwe. Wala wasichanganywe na perege, atawala wote.