Je, Wajua? Fukusi Wawili Ndani ya Debe Moja

Je, wajua kwamba fukusi waliomo kwenye debe lako la mahindi huenda ni spishi mbili? Sitophilus zeamais, fukusi wa mahindi, na Sitophilus oryzae, fukusi wa mchele, wote ni wa kahawia, wana pua ndefu, na mgongoni wana mabaka manne mekundu-mekundu.

Je, wajua kwamba rangi husaidia kidogo tu kuwatofautisha? Wa mahindi kwa kawaida ni mkubwa na mweusi zaidi, na mabaka yake hukolea. Lakini fukusi aliyetoka punde ndani ya punje huwa mwekundu, kisha hukoza rangi kadiri anavyozeeka, na aliyelelewa ndani ya punje ndogo hubaki mdogo. Anayeamua kwa rangi pekee atakosea.

Basi hutambuliwaje? Kwa uume. Mtaalamu humpasua dume chini ya darubini na kuutoa uume uliofichwa tumboni: mrija mgumu, wa kahawia, uliopinda. Huutazama upande wa juu. Ukiwa na mifereji miwili iliyokwenda sambamba kwa urefu wake, huyo ni wa mahindi. Ukiwa laini, wenye kung'aa, bila mfereji wowote, ni wa mchele. Kazi hii inataka mkono mtulivu, maana mdudu mzima ana urefu wa milimita tatu hivi!

Mwanasayansi Linnaeus alimpa jina wa mchele mwaka 1763, na mtaalamu wa wadudu Motschulsky akampa wa mahindi mwaka 1855. Hata hivyo, kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa spishi moja yenye wakubwa na wadogo, hadi mtaalamu wa wadudu Kuschel alipoutatua mkanganyiko huo mwaka 1961.

Je, wajua kwamba Mfaransa René Jeannel, aliyekusanya wadudu Afrika Mashariki mwaka 1911 na 1912 pamoja na Charles Alluaud, alichapisha mwaka 1955 kitabu kizima kuhusu uume wa mbawakawa, kundi ambalo fukusi wamo?

Kwenye kunde, dume wa mbawakawa Callosobruchus chinensis ana papasi zenye meno ya kitana. Ndugu yake, Callosobruchus maculatus, hana meno hayo, ila uume wake una miiba inayomjeruhi jike kwa ndani.

Kwenye maharage, jike wa mbawakawa Zabrotes subfasciatus ni mweusi mwenye madoa meupe na dume ni wa kahawia mtupu. Ni spishi moja!

Na dumuzi, mharibifu mwingine wa mahindi, ambaye wakulima wengi Tanzania humwita Scania? Huyo hana pua ndefu, na nyuma amekatika wima. Mtambue vizuri, kwa sababu dawa ya pirimifosi-methili inayoua fukusi haimwezi sawasawa, na permethrini inayomwua yeye ni dhaifu kwa fukusi. Ndiyo maana baadhi ya dawa za unga za kuhifadhia mahindi huchanganya zote mbili.