Siffin: Vita vilivyoacha swali la uongozi bila jibu

Vita vya Siffin vya mwaka wa 657 ni miongoni mwa matukio ambayo athari zake zingali zinaonekana katika ulimwengu wa Kiislamu hadi leo. La kusikitisha ni kwamba waliopambana hawakuwa Waislamu na maadui wa kutoka nje, bali ndugu wa imani moja.

Chanzo kilikuwa mauaji ya Khalifa wa tatu, Uthman bin Affan, aliyeuawa na waasi nyumbani kwake mjini Madina mwaka wa 656. Ali bin Abi Talib, binamu na mkwewe Mtume Muhammad (S.A.W), ndiye aliyeshika hatamu za uongozi baada yake.

Hata hivyo, Muawiya bin Abi Sufyan, gavana wa Sham na jamaa ya Uthman, alikataa kumpa kiapo cha utiifu. Alishikilia kwamba sharti wauaji waadhibiwe kwanza. Ali naye alitaka umma uungane kwanza chini ya kiongozi mmoja. Kwa hivyo mzozo ulihusu lipi litangulie: kisasi cha Uthman au utiifu kwa Khalifa mpya.

Majeshi yalikutana Siffin, kando ya mto Furati, karibu na mji wa Raqqa katika nchi ya Syria ya leo. Wajumbe walikwenda na kurudi bila ya mafanikio, na mnamo Julai 657 mapigano makali yakazuka. Miongoni mwa waliouawa upande wa Ali ni Ammar bin Yasir, sahaba aliyekuwa na umri mkubwa.

Inasimuliwa kwamba jeshi la Ali lilikuwa likielekea kushinda pale askari wa Sham walipotundika kurasa za Kurani kwenye mikuki, wakitaka Kitabu kiamue. Ali alikubali kwa shinikizo la sehemu ya jeshi lake. Abu Musa al-Ashari aliteuliwa kuwakilisha upande wake, naye Amr bin al-As akamwakilisha Muawiya. Usuluhishi huo haukuleta mapatano.

Badala yake, ulizaa mgawanyiko mpya. Baadhi ya wafuasi wa Ali walidai kwamba hukumu ni ya Mwenyezi Mungu pekee, wakajitenga. Hao ndio walioitwa Khawarij. Ali aliwashinda huko Nahrawan mwaka wa 658, lakini mwaka wa 661 mmoja wao, Abdulrahman bin Muljam, alimjeruhi vibaya mjini Kufa, akafariki. Hasan, mwanawe Ali, alimwachia Muawiya uongozi mwaka huo huo, na ukoo wa Umayya ukatawala kutoka Damascus hadi mwaka wa 750.

Tangu hapo, Mashia hushikilia kwamba uongozi ni haki ya Ali na kizazi chake, ilhali Masuni huwatambua makhalifa wote wanne wa mwanzo. Khawarij nao walisema Mwislamu yeyote mchaji anaweza kuongoza, awe wa ukoo wowote.

Mwangwi wa mzozo huo ulifika hata katika pwani ya Afrika Mashariki. Maibadhi, madhehebu ya masultani wa Oman na Zanzibar, wana asili yao miongoni mwa waliopinga usuluhishi wa Siffin, ingawa wao hukataa katakata kuitwa Khawarij.